Kandambili Niliyovaa Siku ya Fomu

Neema mjukuu wangu,

Huku ugenini Umbilo tunaendelea, bibi yako bado anauza vitenge vyake. Umeniuliza kama wagonjwa mnaowahoji baada ya upasuaji wanasema kweli. Eish, umenipandisha hasira upya!

Nilipokuwa bado nabeba mizigo kule viwandani Mobeni, nilipasuliwa kifundo cha mguu. Baadaye akaja mtafiti na fomu, Mtanzania mwenzetu.

"Shikamoo mzee, mguu unaendeleaje?"

"Marahaba, unaendelea vizuri," nikamjibu, kama mtu yeyote aliyelelewa. Kwetu kwenye salamu mabaya hayatangulii. Ndiyo kwanza nilikuwa navuta pumzi nimwambie silali kwa maumivu. Yeye kashaandika "hana maumivu", kafunga faili, huyo! Mguuni nilikuwa na kandambili, maana kiatu kilikuwa hakiingii. Hakuinama hata kutazama.

Kwa jibu hilo mgonjwa mwingine ataambiwa upasuaji ule unaponya. Ninamkasirikia yule bwana, na ninajikasirikia mimi niliyenyamaza akiondoka.

Kwa hiyo, Neema, mgonjwa akikuambia "nzuri", weka kalamu chini, ukae. Hapo amekusalimu tu, bado hajakujibu.

Babu yako, ambaye mpaka leo anavaa kandambili.