Bibi Siwema kwenye mada ya Uchawi

Siku ndugu yangu, uko wapi? Nimetoka maktaba ya chuo hapa Kibaha sasa hivi.

Nilikuwa namtafuta bibi yake mama, Bibi Siwema, aliyekuwa mkunga kule Mzenga, Kisarawe, enzi za Mwingereza. Nikaandika jina lake kwenye kompyuta ya katalogi. Hakuna kitu.

Mkutubi, Mzee Hemedi, akaniambia, "Usitafute kwa jina, mwanangu. Tafuta kwa mada, tena kwa maneno waliyotumia wakoloni wenyewe."

Nikajaribu ukunga, hakuna. Uganga, hakuna. Akainama akaandika mwenyewe: Uchawi, Kisarawe.

Likaja faili moja tu, la 1936.

Uchawi, Siku! Akaniletea nikalifungua. Bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ameandika kwamba mwanamke Siwema anazalisha wake za watu kwa dawa, azuiwe. Chini yake kuna majina ya watoto aliowapokea. Kumi na tisa, wote wazima. Wote wazima, halafu uchawi!

Nikapayuka, "Huyu ni bibi yetu, hakuwa mchawi!" Watu wote wakageuka.

Nikajua Mzee Hemedi atanitoa nje. Wapi! Alikuwa anasoma yale majina, kidole kimesimama kwenye la kumi na moja, Mwanakheri binti Saburi.

"Huyu ni marehemu mama yangu," akasema.

Akavuta kibodi, akaongeza mada ya pili: Ukunga, Kisarawe. Ile ya kwanza hana ruhusa ya kuifuta peke yake. Kesho tunaandika barua ya kuomba ifutwe, tunatia sahihi wote wawili.