Nyumba Uliyoiweka kwa Rafiki Kama Ng'ombe

Baba,

Usiniulize habari za nyumbani, maana nitakujibu. Nyumba ya Mpanda imekwenda. Baraza la ardhi limesema si yako na haijawahi kuwa yako, na kwa yale yaliyosemwa mbele yangu, hata ningekaa mimi kwenye kile kiti cha mwenyekiti sijui ningesema nini tofauti. Nakuandikia nikiwa na hasira na wewe. Watu wanasema marehemu hakasirikiwi. Mimi nimejaribu, na nimeweza.

Ngoja nianze na jema, maana ni moja tu. Baada ya matanga ng'ombe wako walirudi. Wale uliowatawanya kwa marafiki, wengine hapa hapa Kasekese, wengine mpaka kule Inyonga, mimi nilikuwa sijui hata nusu yao. Watu walikuja mmoja mmoja wakiwaswaga. Mtu anasimama uani, anavua kofia, anamwambia Mama, "Huyu ni wa mzee, na hawa ndama wake. Yule mwekundu alikufa kiangazi, ngozi yake hii hapa." Hakuna aliyekuwa na karatasi, hakuna aliyetumiwa ujumbe aje. Mama alilia kuliko siku ya mazishi.

Na wewe ukadhani nyumba nayo itarudi hivyo hivyo.

Sikulaumu kwa kutawanya. Sisi Wasukuma tuliohamia huku na mifugo wote tunafanya hivyo. Mali ikikaa zizi moja, ugonjwa ukiingia umekwisha, na ikionekana yote, kila mwenye shida anaujua mlango wako. "Mali ikijulikana, inaombwa," ulikuwa unasema. Basi ulipouza madume ukanunua kiwanja Mpanda, ukamwendea rafiki yako Baba Leonsi, yule Mpimbwe, mwenyeji wa huku, mkulima wa mpunga aliyekuwa amehamia mjini, ukamwambia aandikishe kwa jina lake. Hati jina lake. Mita ya umeme jina lake. Risiti za pango la ardhi jina lake. Wapangaji alitafuta yeye, kodi ya vyumba alipokea yeye, na kila ukienda mjini anakukabidhi yote. Chumba cha mbele alikaa bure, kwa sababu anayekuchungia ng'ombe lazima anywe maziwa. Uliniambia hivyo ukicheka, nami nikacheka. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Uliijenga kwa ajili ya Mama, hilo sote tunalijua. "Nikitangulia, mama yako akae mjini karibu na hospitali, vyumba vimlishe." Miguu yake bado inavimba, Baba. Sasa hivi hata kutoka kitandani anashika ukuta kwanza.

Baba Leonsi hakukugeuka. Nakuomba umsalimie kama mmeonana, maana alikufuata kabla hatujazoea kusema "marehemu" tukikutaja wewe. Angekuwa hai, neno lake moja lingetosha. Naye amekufa na neno lake. Watoto wake wakafungua mirathi mahakama ya mwanzo, Leonsi mkubwa wao akateuliwa msimamizi. Akaulizwa baba yako ameacha nini, akataja kilichoandikwa, na nyumba imeandikwa. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mahakama kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Sisi tulikuwa Kasekese tunavuna mahindi. Nani kati yetu angepanda bodaboda mpaka Mpanda kwenda kusoma ubao?

Tulipomleta Mama mjini, kama ulivyoagiza, mambo yalikuwa yameshaiva. Leonsi hakumfukuza, tena alimwachia chumba kimoja, akasema mama ni mtu wa nyumbani. Lakini mimi alinivuta pembeni. "Dada Kabula, mimi najua. Baba alishanidokeza. Ila wadogo zangu hawajui, hakimu hajui, na mimi nimeshaapa." Wadogo zake nao wakaniuliza swali moja tu: "Kama ilikuwa yake, mbona hakuandika?" Kabla mvua hazijaanza wakawa wameshaiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa mazao na kugawana.

Tulikwenda baraza la ardhi. Wale ng'ombe waliorudi wenyewe bila karatasi, ndio tuliowauza kutafuta karatasi. Mwanasheria akaniuliza, "Hakuna hata kipande walichosaini wawili? Makubaliano mbele ya wakili, mashahidi, wosia, chochote?" Nikamwambia tuna ngozi ya ng'ombe mwekundu. Alidhani namtania. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mtu anaweza kabisa kumwekea mwenzake nyumba, sheria haikatai, ila lazima iandikwe kwamba amemwekea tu. Ukurasa mmoja, Baba. Ungeweka dole gumba, Baba Leonsi angesaini, basi. Lakini ungemwomba rafiki yako asaini ungeona umemtukana, nakujua. Ungekufa kwanza. Na ndivyo ulivyofanya.

Aliyetumaliza si mwongo, ni Mama Rehema, yule mpangaji wa chumba cha nyuma anayepika chapati. Aliapa vizuri, akasema anachokijua. "Mwenye nyumba ni marehemu Baba Leonsi. Kodi nilimpa yeye, choo kilipojaa nilimwambia yeye. Yule mzee mwenye fimbo alikuwa mgeni wake. Akija anazunguka nyumba anaangalia kuta, anakunywa chai, anaondoka." Mwenyekiti akaandika. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nikakuona kabisa unavyozunguka ile nyumba, unagusa plasta na kiganja kama unavyompapasa ndama mgongoni, na wapangaji wako wanakukaribisha kwa heshima ya mgeni. Ulitaka usijulikane. Hukujulikana.

Mwanasheria anasema rufaa ipo, Mahakama Kuu. Zizi halina kitu. Kaka anasema tuache, Mungu anaona. Mungu anaona, sawa, lakini hakuitwa kutoa ushahidi.

Huyu mfanyabiashara aliyeinunua anataka kuibomoa ajenge gesti. Kwa sasa anawaacha wapangaji wakae, ila kila mtu kwa mkataba wa maandishi, miezi michache, na mbele ya shahidi. Huyu hamwamini mtu. Nimemchukia na nimemheshimu siku hiyo hiyo. Chumba cha Mama nacho kikawa cha kulipia. Nikasema nitalipa mimi, nina cherehani yangu pale sokoni, nguo za sare hazikosekani. Kumrudisha Kasekese na ile miguu, mbali na hospitali, siwezi.

Basi walikuja na karatasi yao. Kijana wa mwenye nyumba akaisoma haraka haraka, Kiswahili cha ofisini, na Mama unamjua, Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Alikaa kwenye mkeka anaifuata karatasi kwa macho. Ilipoisha akaniuliza kwa Kisukuma kama jina lake limo. Nikamwambia limo. Ni kweli limo, kwenye mstari wa mpangaji. Akaweka dole gumba, akalibana kwa nguvu kama anaogopa litafutika, akaomba abaki na nakala. Ameikunja ameiweka kwenye kitambaa chini ya mto.

Kesho yake nilimkuta ameshika ukuta anafagia uwanja wote, mpaka mbele ya milango ya wapangaji. Alimwambia Mama Rehema kwamba mambo yamekwisha, nyumba sasa ina karatasi, na karatasi ina jina lake. Mama Rehema akaniangalia. Mimi nikachukua ungo nikaanza kuchagua mchele ambao haukuwa na hata jiwe moja.

Sijamwambia, Baba. Nilitaka nimwambie siku ile kwamba karatasi ni ya kupanga tu. Siku ya kubomoa itafika, nami sijui nitamweleza nini, sina hata uongo wa kumpa. Nilichonacho cha kukuahidi ni kidogo: mpaka siku hiyo kodi yake italipwa, na mdomo wangu hautafunguka. Zaidi ya hapo usinitegemee, nimechoka.

Pumzika. Bado nina hasira, na bado nakulilia, vyote viwili pamoja. Mama huwa anaongea na wewe asubuhi akifagia, namsikia nikiwa ndani. Leo alikuwa anakuambia nyumba yake imerudi. Tafadhali, Baba, mwitikie.

Mwanao,
Kabula