Emérence Kavugho, Mama wa Kambo wa Sinema

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Februari 2015, nyumbani kwa binti yako Clémence, Riverside, Buffalo. Bado tunapunguza sauti tukipita mbele ya chumba chako.

Ulikuwa msichana mshonaji wa Bukavu, kule Kongo, wakati mapadri waliokuwa wakitengeneza sinema walipokuchagua kwa sababu ya macho yako makali. Wakakupa nafasi ya mama wa kambo anayemfungia yatima jikoni. Sinema hiyo ilizungushwa parokia kwa parokia, shuka ikitundikwa ukutani, na watu waliitupia mawe picha yako. Ukaitwa kwa sinema nyingine tatu, na katika zote ulikuwa mama wa kambo. Uliomba uwe muuguzi, hata mara moja tu.

"Watu hawatakuamini," mapadri wakakujibu.

Sokoni wamama waliwavuta watoto wao ukipita. Baba yetu Kataliko, dereva wa gari la sinema, alikujua ulivyo kweli, akakuoa.

Vita vilimchukua Baba, na sisi vikatutupa mpaka Louisville, Marekani. Tulipokwenda kazini kwenye maghala ya Okolona, ulibaki peke yako ghorofani kule Shively, magoti yakikukatalia ngazi.

"Bon, hii ni gereza tu," ulikuwa unasema, "hata kama iko na frigo."

Furaha yako ilikuwa watoto wa majirani. Uliwapikia mandazi, ukawasuka nywele, wakakuita Koko, yaani bibi. Kisha mtu akaikuta ile sinema kwenye intaneti, ikazunguka katika simu za watu wa kanisa letu. Watoto wakaacha kuja. Kila alasiri uliacha mlango wazi, mpaka baridi ikakulazimisha kuufunga.

Mwaka 2013 tulikupeleka Columbus, kwenye harusi ya mwanao Jules. Ulipopokea mtoto mchanga wa mgeni mmoja, wamama walioiona ile sinema wakaanza kunong'ona, na mama wa mtoto akamchukua mikononi mwako. Hapo akasimama mzee mwenye mvi, jina lake Zihindula.

"Miye njo ule yatima wa kwenye filme," alisema. "Njo miye huyu mama alikuwa anafungia. Kamera ikizimika, alikuwa ananibeba ku mugongo mpaka nalala. Mama yangu wa kweli alikuwa amekufa mwaka ile ile."

Ulimshika masikio yote mawili, ukacheka huku unalia. "Na ulikuwa muzito, weye!"

Tulidhani umefunguliwa. Lakini ulivunjika nyonga, Clémence akakuchukua Buffalo, na huko ukaja ugonjwa wa kusahau. Ulikunyang'anya majina yetu, ukakuachia maneno ya mama wa kambo.

"Ingia jikoni!" ulimfokea Clémence ukiwa kitandani. "Leo hakuna chakula chako!"

Halafu uliiogopa sauti yako mwenyewe, usijue namna ya kutoka ndani yake.

Clémence akampigia Zihindula simu, akilia.

"Umejaribu kumuambia 'Coupez'?" Zihindula akamuuliza. "Donc, vile njo mapadri walikuwa wanasimamisha kamera. Jaribu."

Clémence akakuinamia. "Coupez, Mama."

Uso wako ukalegea. Ukamtazama, ukamjua.

"Clémence," ukasema. "Umekula?"

Tangu hapo tulilisema neno hilo kila siku, tena na tena. Mara nyingi lilikufikia. Siku nyingine halikufika, nasi tukakaa nawe humo humo ndani ya sinema, tumekushika mkono.

Tunaokukumbuka: binti yako Clémence, wa Buffalo; mwanao Jules na mkewe Leya, wa Columbus; wajukuu wako wote; waumini wenzako wa Shively waliokuja kukuomba msamaha ukiwa umeshalala usingizi wa mwisho; na Zihindula, mwanao pia.

Maadamu tupo, Mama, hutasahaulika.