Kipini Hakiingii Wodini

Goma, tarehe 17 Oktoba 2002

Kwa Mama yangu mpenzi, Mama Kuluthumu, Kindu,

Asalaam aleikum. Natumaini goti limeacha kukusumbua na wote nyumbani ni wazima. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ingawa nusu ya mji bado ni mawe meusi ya volkano na waasi bado wanatubania barabara. Kwa hiyo barua nampa Papa Assumani, anayepanda ndege ya mizigo kesho.

Mama, piga vigelegele! Nimekwisha kuwa muuguzi. Nimefuzu kwa distinction, wa kwanza kati ya wanafunzi thelathini na wanane, na masista wamenichukua hapo hapo niwasimamie wanafunzi wapya wodini. Yule jirani aliyesema nitarudi na mimba badala ya diploma, msomee aya hii mara mbili.

Sasa kuna jambo. Uliniapisha nisikivue kipini cha puani, nilichovishwa na Nyanya Mwavita nilipohitimu Kurani, mpaka siku ya ndoa. La sivyo nisikuite mama tena. Naye Sista Laurence, mkuu wetu, alikataza vipini na bangili wodini. Nikafanya ujanja: nikakifunika kwa sparadra, ile plasta ya vidonda, nikasema nina jipu. Miezi miwili, Mama! Kila asubuhi Sista aliuliza hilo jipu litaiva lini.

Januari volkano ikalipuka, tukakimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka, na baada ya siku tatu tukarudi kazini. Wagonjwa walijaa mpaka koridoni, wengi wameungua nyayo kwa kukanyaga lava kabla haijapoa. Nilikuwa nimeinamia mguu wa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, jasho likalegeza sparadra, kipini kikadondoka ndani ya kidonda. Nilikitafuta kwa koleo huku muzee wa watu akilia na kuniuliza kama mimi ni muganga ao fundi wa saa. Aibu niliyoipata siku hiyo sijawahi kuipata.

Nilimweleza Sista ukweli wote. Hakunifukuza. Aliniambia ninawe mikono nianze upya, na kwa wiki sita nilimhudumia muzee yule mwenyewe mpaka akatembea.

Mama, sikukirudisha puani. Tundu limeziba. Sikulazimishwa na mtu, wala sijutii. Ninachojutia ni kukuficha miezi tisa kwa woga, na kwa hilo naomba radhi.

Nimekichemsha, kimo ndani ya bahasha hii. Utakuta viwili. Cha pili ni cha mdogo wangu Alima, uliyemtuma huku kwa ndege mwezi jana aanze masomo. Jumatatu nilimzuia mlangoni mwa wodi ya watoto. Akalia, akasema amekuapia. Nikamwambia hata mimi nilikuapia. Akakivua, akanawa mikono, akaingia.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Nami bado nakuita mama, utake usitake.

Binti yako,
Muuguzi Nasiba