Dakika ya Kabichi

Slatebrook, Pennsylvania
14 Mei 1986

Mjukuu wangu Regis,

Hujambo, na koo lako halijambo? Naanza na koo kwa sababu juzi ulikohoa mbele ya jimbo zima. Mimi ni mzima, isipokuwa hii nyonga ya kulia. Daktari anataka kuibadilisha mwezi ujao. Nimemwambia abadilishe anachotaka, mradi asiniguse masikio.

Nimekusikia ukitangaza besiboli redioni. Niliweka redio juu ya friji, nikakaa pale pale tulipokuwa tukikaa wewe ukiwa mdogo. Unasema vizuri, lakini una pupa. Mpira ukipigwa juu usikimbilie kutuambia umeangukia wapi. Tuache tuangalie juu kidogo.

Sasa nijibu haya, maana yananikosesha usingizi. Je, Merle Stanhope, huyo mtangazaji mkuu wenu, ni mnene kama sauti yake? Zile soseji za wadhamini anazozisifu miaka nenda miaka rudi, anazila kweli? Na mkiwa mmefungiwa kwenye kibanda hicho juu ya uwanja, mnaongea na nani? Mnatuwaza sisi, au mnauambia ukuta?

Nasikia Merle anastaafu msimu ukiisha. Kile kiti chake nakitaka kiwe chako, sikufichi, na kanisani nakiombea kwa jina. Basi kuwa mwangalifu. Na lile jambo unalijua tangu unatambaa: mrushaji wetu akifika mbali bila hata mpigaji mmoja wa upande wa pili kupata pigo, halitajwi. Wenzake hawamsemeshi, hawakai karibu naye, na mtangazaji anazungumzia mawingu. Ukilitaja umeliua.

Kula vizuri.

Bibi yako

*

Corliss
26 Mei 1986

Shikamoo Bibi,

Koo limepona, nami ni mzima wa afya. Hofu yangu ni hiyo nyonga. Niandikie siku ya kupasuliwa.

Merle ni mwembamba kama mpini wa ufagio. Hiyo sauti nene sijui anaificha wapi. Soseji anaing'ata mara moja hewani ili asiwe mwongo, inayobaki wanapata njiwa. Ndiyo maana njiwa wa Corliss hawaruki vizuri.

Na kuhusu nani tunaongea naye, nilimuuliza hilo hilo siku ya kwanza. Akaniambia, "Chagua mtu mmoja, umwambie yeye. Ukiwaambia wote hakuna atakayesikia." Nimeshamchagua wangu. Usiniulize ni nani, utavimba kichwa.

Kiti kina watu wawili, Bibi: mimi na jamaa mmoja wa Ohio mwenye meno mazuri. Bwana Kessler, mwenye kituo cha redio, anasema atasikiliza wananchi. Wananchi ndio hao wanaopiga simu kwenye kipindi cha Buck Tillery kila mchezo ukiisha. Kwa kuwa timu yetu ni Mabata, mimi wamenibatiza Kifaranga. Jana mmoja kauliza, "Buck, hivi huyo Kifaranga ameshaota ndevu?" Buck akamjibu, "Ameota moja, tunaisubiri ya pili." Nilikuwa naendesha gari, nikacheka mpaka nikapitiliza njia ya kwangu.

Nakitaka kile kiti, Bibi. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Mjukuu wako, Regis

*

Hospitali, Wodi ya Pili
22 Juni 1986

Regis mpenzi,

Salamu kutoka kitandani. Nyonga mpya imeingia, ya zamani sijui wameitupa wapi na hakuna anayetaka kuniambia. Chakula hapa ni maji ya moto yaliyopita karibu na kuku. Nawe hali yako?

Mwenzangu wa kitanda cha pili anaitwa Bi Stasia. Besiboli haijui kabisa. Juzi kaniuliza kama Mabata ni wachezaji au ni wale wa bwawani. Redio ni moja, ya wodi, na yeye ana kipindi chake cha muziki wa polka. Tumegombana siku mbili, mpaka nesi Bernadette akakata shauri: polka mpaka saa tatu usiku, kuanzia saa tatu ni Mabata.

Basi naingia mchezo ukiwa umefika awamu ya saba kati ya tisa, na hapo ndipo nina kesi na ninyi watangazaji. Mnaongea kama vile wote tulikuwepo tangu mwanzo! Jana nimesikiliza robo saa nzima mkisimulia mbwa aliyeingia uwanjani. Tunaongoza? Tumefungwa? Mrushaji wetu Almonte anarusha vizuri leo au anaungua? Kimya. Mkumbukeni na mtu aliyefungua redio sasa hivi, jamani. Mkaribisheni, mwambieni mambo yamefikia wapi. Ni adabu tu.

Niambie, huyo mbwa alikamatwa?

Bibi yako

*

Corliss
12 Julai 1986

Shikamoo Bibi,

Unaendeleaje na mazoezi ya kutembea? Huandiki tangu Jumanne, nami najua sababu.

Jumanne Almonte alikuwa anarusha moto. Awamu ya kwanza mpaka ya saba, hakuna mpigaji wao aliyepata pigo hata la bahati mbaya. Uwanja mzima unajua, na hakuna anayesema. Merle alikuwa anazungumzia bei ya nyanya. Kisha akanipa kipaza sauti akaenda msalani. Saa tatu ikafika, nami nikalitaja. Nililitaja lote, waziwazi. Mrusho uliofuata, mpigaji wao akapata pigo, akaupeleka mpira katikati ya majani. Basi, limekufa.

Merle aliporudi alinitazama kama mtu aliyemkuta mbwa wake juu ya kitanda.

Ya kwa Buck bila shaka uliyasikia. Kuna mama mmoja hasa alipiga.

"Uko hewani, mama. Jina lako?"

"Jina la nini? Nataka huyo Kifaranga! Nani alimtuma? Kichwa cha kabichi kile! Akauze soda majukwaani!"

"Kwa hiyo afukuzwe?"

"Afukuzwe kwanza, halafu ndiyo aulizwe!"

Bibi, duniani kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuniita kichwa cha kabichi, na alikuwa akinichana nywele.

Buck alifurahi mno. Sasa sauti hiyo inachezwa kila saa kama tangazo la kipindi chake. Alhamisi watu walikuja uwanjani na kabichi halisi, wamezichora macho na kuzivika vipokea sauti vya masikioni. Bwana Kessler amenitoa kwenye kipaza sauti. Nabeba nyaya. Yule wa Ohio anakuja wiki ijayo kujaribiwa.

Hasira ninazo, sikudanganyi. Nitaandika zikipoa.

Mjukuu wako

*

Hospitali
15 Julai 1986

Regis,

Hujambo mwanangu? Mimi mwili mzima, roho siyo.

Ni mimi. Nilijikokota na gongo mpaka kwenye simu ya ukumbini, nesi akinifokea nyuma. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema vile vile, ila ningelala usingizi. Sikujua wataicheza kila saa. Naisikia asubuhi wakati wa uji, naisikia mchana. Bi Stasia ameshaikariri.

Lakini mbona ulilitaja? Hilo ndilo linalonitafuna. Wewe uliyekuwa hukanyagi mstari wa chokaa hata mtaani kwa kuogopa mkosi! Sikuulizi kwa ugomvi, nataka kujua tu. Niambie mimi peke yangu.

Bibi yako

*

Hospitali
27 Julai 1986

Regis wangu,

Salamu, ingawa hukunijibu. Natumaini u mzima na hizo nyaya si nzito sana.

Umeninyima jibu, nami nimelipata kwa mtu nisiyemtegemea. Jana, katikati ya polka, nilikuwa nauliza tena kwa sauti, "Lakini mbona alilitaja?" Bi Stasia akaniambia, "Verna, si alikuwa anakukaribisha?"

"Ananikaribisha wapi?"

"Kwenye mchezo. Ulipobadilisha tu stesheni alisema, 'Karibu wewe uliyefungua redio sasa hivi, mambo yamefikia hapa.' Nikafikiri, ona kijana mwenye adabu. Halafu wewe ukaanza kupiga kelele."

Regis, sikulisikia neno "karibu". Nilisikia lile jingine tu, damu ikanipanda. Nimeitazama saa ya ukutani, nikaukumbuka mkono wangu mwenyewe ukiandika barua ile ya Juni. Nililia mbele ya Bi Stasia, na si mtu wa kumlilia, maana alinipa biskuti na kuongeza sauti ya polka.

Mchezo ulipoisha nikaenda tena kwenye simu. Nesi Bernadette safari hii alinishika mkono.

"Uko hewani. Jina?"

"Verna Hornyak wa Slatebrook. Andika, safari hii sina la kuficha."

"Ngoja kidogo... Sauti hii! Ni mama wa kabichi!"

"Ndiye mimi. Na kichwa chenyewe ni cha mjukuu wangu, nimekilea nyumbani kwangu."

 

Nikamwambia, "Nilimwomba mwenyewe. Nilimwandikia kwamba mtu akichelewa aambiwe yaliyotokea. Akaniambia. Halafu nikawa wa kwanza kumrushia jiwe. Ninyi mnaosikiliza tangu mwanzo, hongereni. Mimi nilikuwa nasubiri polka iishe!"

"Kwa hiyo, mama, afukuzwe au asifukuzwe?"

"Nifukuzeni mimi. Na wewe Buck, zima lile tangazo. Sauti ni yangu, sijakuuzia."

Nisamehe, mjukuu wangu. Kama kiti kimeshaenda kwa meno ya Ohio, mimi ndiye niliyekibeba nikampelekea.

Bibi yako

*

Corliss
9 Septemba 1986

Shikamoo Bibi yangu,

Nimefurahi kusikia kwa Bernadette kwamba umerudi nyumbani na unapanda ngazi. Mimi sijambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kukuletea habari nusu.

Usiku ule ulipopiga simu nilikuwa kibandani nakunja nyaya, redio iko wazi. Nilikaa chini juu ya nyaya zangu. Hasira zote zikaniishia pale pale.

Baada yako simu zilifurika. Akapiga mwoka mikate anayeamka saa tatu hiyo hiyo ya usiku. Akapiga dereva wa lori, kasema milima inamkatia matangazo na akirudi hewani hajui hata nani anacheza na nani. Mama mwenye mapacha kasema hajawahi kusikia awamu ya kwanza tangu wazaliwe. Wengine wakapiga kuwapinga: jambo lile ni mwiko, ni mwiko! Wamebishana wiki nzima, Bwana Kessler akisikiliza simu zinavyolia na kutabasamu.

Wakamuuliza na Almonte. Akacheka. "Kuhesabu najua, nilikuwa najua muda wote. Nilirusha vibaya. Redio haina mkono."

Merle hakubali mpaka leo. Anasema nilikosea, na kwamba yeye atazikwa bila kulitaja. Lakini akaingia kwa Bwana Kessler, akafunga mlango, akamwambia (nilisikia, ukuta ni mwembamba): "Kijana amekosea kwa ajili ya mtu mmoja. Huyo wa Ohio hana mtu. Mpe kijana kiti."

Kiti ni changu, Bibi. Kuanzia msimu ujao.

Na bado. Zelenka, yule mwenye duka la mboga, ameuza kabichi nyingi mwezi ule kuliko mwaka mzima. Amenunua dakika moja ya kila mchezo: saa tatu kamili nitasimamisha hadithi zote, nimkaribishe aliyefungua redio sasa hivi, nimwambie mambo yalipofikia, yote, hata lile. Inaitwa Dakika ya Kabichi. Nimejaribu kuwashawishi wabadilishe jina, wamegoma.

Kuhusu mtu wangu mmoja, nadhani umeshamjua.

Mjukuu wako, Regis

*

Slatebrook
20 Mei 1987

Mjukuu wangu Regis,

Hujambo wewe na kiti chako? Mimi natembea mpaka posta bila gongo, naringa mpaka majirani wamechoka. Bi Stasia anakuja kila Jumanne na santuri zake za polka. Mbwa wa uwanjani naona amerudi tena, nilikusikia ukimtaja. Bado hujaniambia kama alikamatwa.

Barua yako inauliza mbona msimu huu sikukosoi awamu za mwanzo. Unasema ulikosea jina la mdakaji mara mbili Jumapili, katika awamu ya pili, ukangoja barua yangu ya kukugombeza, na haikuja. Unauliza kama masikio yameanza kuchoka.

Masikio yangu ni mazima. Redio iko juu ya friji, sasa ni yangu peke yangu na hakuna wa kugombania naye. Mchezo unaanza, nami naosha vyombo. Naichemsha chai. Naitazama tu hiyo redio. Bi Stasia ananiambia, "Verna, utakosa mchezo wote!" Namwambia aweke polka nyingine.

Miaka yote ile sikuwahi kukosa mrusho wa kwanza, nawe unajua. Sasa siigusi mpaka saa tatu. Ikifika nafungua, nakusikia unasema, "Karibu wewe uliyefungua redio sasa hivi," nami nakujibu hapa jikoni kwamba nimefika.

Bibi yako