Soksi za Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 1 Machi 1999
Nimetoka Kitengela na basi ya saa kumi na mbili, kama kawaida. Vumbi mpaka kwa Biblia. Ofisi ya ushirika wetu wa wafugaji hapa Kajiado bado inanuka karatasi kaboni, na bado napenda hiyo harufu. Nilipoletwa hapa kuchemsha chai, Mzee Parsaloi, karani wa faili, ndiye aliyenifundisha kutafuta faili ya mfugaji kwa chapa ya ng'ombe wake. Miaka kumi na sita sasa.

Leo mimi ndiye mwalimu, kwa sababu ya wiki mbili za kozi Nairobi. Nimewaambia makarani, mfugaji akija, muingize habari zake kwa kompyuta hapo hapo, si kuandika karatasi halafu mniletee niwachapie. Waliitikia kama wako kanisani. Kufika saa nne nilikuwa na karatasi ishirini mezani.

Jumatano, 3 Machi
Wengine wameanza. Mmoja alisahau kuhifadhi, stima ikapotea, kazi ya asubuhi yote ikaenda. Nilimhurumia. Nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Mzee Parsaloi bado. Anafika mlangoni mwa chumba cha kompyuta, pale tunapovua viatu kwa vile meneja anasema vumbi linaua mashine, halafu anakumbuka kazi kwingine. Meneja ametangaza: asiyetumia kompyuta kufikia Ijumaa atapelekwa kulinda lango. Alikuwa akimwangalia Mzee.

Alhamisi, 4 Machi
Nilikasirika. Nikamwambia Mzee mbele ya watu kwamba ana kiburi.

Mchana alinifuata jikoni. Akasema polepole, "Mama Mwende, si mashine. Ni soksi, zimetoboka. Tangu mke wangu atangulie, hakuna wa kushona."

Aibu. Huyo mama alikuwa akiniletea maziwa kwa kibuyu nikiwa na mimba ya Mwende. Niliomba toba kwa basi mpaka Kitengela.

Ijumaa, 5 Machi
Nilitafuta soksi zangu mbaya kabisa. Kidole gumba nje, kisigino nje. Nikavua viatu pale mlangoni, bila haraka, Mzee akiona. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Hizo hata mbuzi atakataa."

Nikamwambia atoe zake tulinganishe. Zangu zilishinda. Akaingia.

Alitafuta kila herufi kama mtu aliyepoteza ndama. Mfugaji wa kwanza alikuwa wa Isinya, na chapa yake Mzee aliitaja kabla sijafungua faili. Akahifadhi mwenyewe. Meneja alipita, akasimama, akaenda zake. Lango limebaki na mlinzi wake. Asante Bwana.

Jumatatu, 8 Machi
Nimefika mapema, niko na sindano na uzi wa soksi za Mzee kwa mkoba. Viatu vyake vilikuwa mlangoni tayari, peke yavyo. Ndani, mlio wa herufi moja. Kimya. Halafu nyingine.

Sikuingia kumkatiza; sindano itangoja. Nilipita stoo, nikafungua faili moja ya zamani, nikanusa ile kaboni.