Yusufu, Haikuwa Difu

Rafiki yangu Yusufu,

Bado sielewi. Nasema kwanza hilo, maana watu wananiambia nimshukuru Mungu, nami nashukuru, lakini sielewi. Asubuhi ile tulifungua gereji pamoja. Mzee Melkiori wa Kirua Vunjo akaleta lori lake, lile lililotoka jeshini vita vilipoisha, akasema, "Fundi, kila nikikanyaga mafuta kuna mtu anapiga hodi huku chini." Ukapanda naye, mkazunguka hadi stesheni na kurudi. Uliposhuka ukaniambia, "Difu ni nzima, Selemani. Tunywe chai kwanza."

Tukanywa. Kikombe hukukidondosha, ulikiweka chini mwenyewe, taratibu, ukaegemea ukuta. Nilidhani umesinzia. Nikaendelea kukusimulia habari za yule Singasinga na trekta lake, nikacheka peke yangu, ndipo nikaona hucheki. Yusufu, nilikuwa nazungumza na nani?

Tukakuzika siku ile ile, kabla ya magharibi. Mzee Melkiori alisimama nje ya uzio wa makaburi na rozari yake mkononi, hakuondoka mpaka udongo wa mwisho.

Lori lilibaki uani. Matanga yalipokwisha alirudi kwa miguu, akakaa kwenye tairi bovu, akasema hakufuata gari, amekuja kunipa pole. Nilipombana ndipo akasema: Jumamosi binti yake Anjela anaolewa kanisani huku chini, na ukoo mzima ungeteremka kwa lori hilo. Wazee, akina mama, watoto, na ndizi juu yake.

Fundi jirani alikwisha kulisikiliza. "Difu imekufa hiyo, ifungue," akaniambia. Nikashika spana nilifungue lile bakuli la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Kisha nikaiweka. Wewe ulisema ni nzima.

Nikalala chini ya gari. Nikaishika propela, lile bomba linalopeleka nguvu ya injini nyuma, kwa mikono miwili, nikaitikisa huku na huku. Viungo vyake havikucheza. Nikakagua mpira mmoja mmoja unaobeba injini, yote mizima. Nikatoka pale nimechafuka, sijaona kitu, kichwa kimenijaa. Mwishowe nikazuia matairi ya mbele kwa mawe makubwa, nikampandisha Mzee Melkiori kwenye usukani. "Tia gia ya kwanza, mzee. Achia klachi kidogo, kanyaga mafuta, kisha uache." Nikachuchumaa pembeni, mbali na tairi la nyuma.

Ko!

Nikaona, Yusufu. Ekseli ya nyuma, ule mhimili wa matairi, upande wa kushoto iliruka mbele, peke yake, upana wa kidole gumba. Alipoachia mafuta ikarudi. Ekseli! Ile boliti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika, na zile ndefu zilizopinda, zinazoifunga ekseli kwenye springi, zimelegea hata nilizizungusha kwa vidole. Nikaiona ile kona ya Kirua yenye korongo, nikaliona lori limejaa watu, na nyuma yake inakwenda inakotaka. Nikapiga kelele:

"Yusufu! Njoo uone!"

Yule anayeziba pancha akainamisha kichwa. Mzee Melkiori alizima injini, akashuka, akavua kofia, akanishika bega. "Mbe Selemani," akasema, kwa heshima ya Kichaga, "mwenzako alikwishaona." Hapo ndipo nililia. Makaburini sikulia, unajua? Nililia kwenye grisi, mchana kweupe, mbele ya wateja.

Nikapiga jeki, nikatoa kile kipande kilichokatika. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Nikatia boliti mpya, nikairudisha ekseli mahali pake, nikazikaza zile ndefu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama unavyopenda. Tukalipandisha lori tupu hadi Kirua, tukashuka na magunia ya kahawa, nikazikaza boliti tena. Njiani nilimwambia Mzee Melkiori asimame. Nilidhani kimeharibika kitu, kumbe ni ukimya. Hapakuwa na mlio hata mmoja.

Anjela ameolewa. Waliteremka salama wakiimba, mvua ikiwanyeshea. Wameniletea mkungu wa ndizi na robo ya mbuzi. Nusu nimempelekea Zainabu wako. Bado anakaa eda. Ameniuliza kupitia kwa dada yake kama ulisema neno la mwisho. Nimemjibu ulitaka chai. Nimesikia alicheka, kisha hakuacha kulia.

Kaka yangu wa Tanga ananiita nikafanye kazi kwake. Nimemkatalia. Nakuahidi, gereji haitafungwa nikiwa na mikono, na fungu lako litakwenda kwa Zainabu na watoto kama ulivyokuwa unalipeleka mwenyewe. Ijumaa baada ya sala nitakuja kukusomea Fatiha. Mola akupe nafasi na nuru huko uliko, ndugu yangu. Mimi bado nafunika kikombe chako kwa kisahani.

Leo kaja mteja kutoka Tarakea, hajasikia habari. Kakuulizia. Ulimi wangu ukasema, "Hayupo," kama mtu aliyetoka kidogo. Sikuweza zaidi ya hapo. Akasema, "Basi akirudi msalimie sana."

Anakusalimia, Yusufu.

Mwenzako,
Selemani